Ondoa Simu Juu ya Ngoma Yangu

Mabry Springs, Karolina Kaskazini
Jumapili, 9 Februari 1997

Mdogo wangu Clevester,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau umevaa soksi nzito, maana nimeona kwenye televisheni jinsi theluji inavyowatesa huko Detroit. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto linanisumbua na la kulia limeanza kuliiga. Miti ya matunda ya Bi Eula imeshatoa maua, mapema mno, na baridi ikirudi itayaua yote, naye atamlaumu mchungaji kama kawaida yake. Kanisani kwetu Mlima Nebo tumepata mpiga kinanda mpya. Ni kijana mpole, anapiga taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Kabla ya lingine lolote, acha nikusute kidogo. Una simu, Vester. Nimekupigia tangu Krismasi. Inaita mpaka inachoka, au inapokewa na Renita, naye ananiambia baba ametoka. Unatoka kwenda wapi kwenye theluji hiyo, kuwinda? Mwenzako napiga nikiwa kwenye kochi la Mama, na simu yenyewe unajua imekaa wapi. Imekaa juu ya ngoma yako. Marehemu mume wangu Hosea alipoinyakua kwenye lori la taka, siku ile walipofunga shule wakatupa vikombe vyote vya ushindi wa bendi yetu, hakuwa na pa kuiweka. Akailaza sebuleni, nikaitandika kitambaa, nikaweka simu. Imekuwa meza tangu hapo. Kwa hiyo kila nikikupigia nakupigia kutoka juu ya ngoma yako mwenyewe, na bado hupokei.

Haya, sasa jambo lenyewe. Wameturudishia shule.

Naam, Dancy yetu. Tangu walipowachanganya watoto weusi na weupe na kuifunga wameifanya ghala la madawati mabovu, na sisi wanafunzi wa zamani tumekwenda kwenye vikao vyao mpaka mlinzi wa mlangoni akatujua kwa majina. Sasa wamekubali. Tutaifanya nyumba ya kumbukumbu, watoto wa jimbo hili waone watu weusi walisoma wapi na kutoka pale walifika wapi. Jaji Rosamond Yancey, jaji wa kwanza mweusi wilaya hii, atakata utepe. Wewe unamjua kama Rosie aliyekaa karibu nami kwenye klarineti na kupiga vibaya kuliko binadamu yeyote niliyepata kumsikia.

Ufunguzi ni Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Bendi yetu ya zamani itatoka kanisani, ipite barabara kuu, hadi lango la shule. Na safari hii tunatangulia mbele kabisa, Vester. Hakuna farasi.

Tunahitaji ngoma kubwa. Siulizi kama unakuja, nakuarifu tu.

Dada yako,
Ardelia


Detroit
2 Machi 1997

Dada Delia,

Shikamoo. Barua yako imefika nami ni mzima, soksi ninazo, mbili kila mguu. Renita amepandishwa cheo, sasa ni muuguzi mkuu wa wodi nzima, na anakuja kunipikia Jumatano na Jumapili. Anapika vizuri ila sukuma wiki haziivishi. Nikimwambia, ananijibu kwamba daktari wa leo hataki mboga zichemshwe mpaka zitubu. Tangu mke wangu Maudine afariki nyumba imekuwa kubwa kuliko nilivyoinunua, lakini silalamiki.

Habari ya shule imenifurahisha kuliko chochote nilichosoma mwaka huu. Naomba uniamini. Nilikaa na barua yako mezani nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Lakini kuja, Dada, sitaweza. Magoti yako na yangu ni ya tumbo moja. Ngoma ile ni ya mtu mwenye nguvu, na vijana wapo. Mpe mwanao Lonnie, ana kifua.

Profesa Gaddy, mwalimu wetu wa bendi, anaendeleaje? Mwambie kwamba Clevester Boykin anamkumbuka kila siku iendayo kwa Mungu. Miaka yote niliyofanya kazi kiwandani sikuchelewa zamu, na ni yeye aliyenitia saa mwilini.

Kuhusu simu, we niandikie tu. Barua zako ni tamu, nazisoma mara mbilimbili.

Mdogo wako,
Vester


Mabry Springs
Jumapili, 23 Machi 1997

Vester,

Salamu zimefika, na shikamoo yako nimeipokea kwa mkono mmoja, ule mwingine nimeushika kiunoni. Baridi ilirudi na maua ya Bi Eula yakafa. Amemlaumu mchungaji.

Magoti! Baba alilima tumbaku ya watu kwa magoti hayohayo mpaka sabini na kitu. Usinitajie magoti.

Nikuhadithie mazoezi yetu ya kwanza, huenda aibu itakushika. Tulikutana chini ya kanisa. Odell Crump alikuja na tarumbeta lake, na meno mapya. Akapuliza, ikatoka sauti ya bata. Jaji Rosie akamwambia, "Odell, hayo meno yako yalisoma shule nyingine!" Tulicheka mpaka mmoja wa tromboni akaomba maji. Halafu tukajaribu ule wimbo wetu wa kutembea, na nakwambia ndugu yangu, ulikuwepo. Umri umeuchafua lakini ulikuwepo.

Shida ni ngoma. Nilimpa Lonnie, kama ulivyosema. Ile simu niliiweka chini siku hiyo. Lonnie ana kifua, kweli, akaipiga kama polisi anayegonga mlango. Profesa alikuwa ameletwa kutoka nyumba ya wazee, kwenye kiti chake cha magurudumu, suti na tai juu. Siku hizi hasemi mengi. Lonnie alipoanza, Profesa akainua mkono wake wa kushoto, kama zamani, kwamba simama. Lonnie akaanza tena. Mkono juu. Akaanza tena. Mkono juu.

"Mama," Lonnie akaninong'oneza, jasho linamtoka, "huyu mzee anataka nini?"

"Anamtaka mjomba wako," nikamwambia.

Profesa akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Sitii chumvi. Uliza yeyote aliyekuwapo.

Unakumbuka lile gwaride la Krismasi? Bendi ya weusi mwisho kabisa, nyuma ya farasi wa mashamba makubwa, ili tupite juu ya mavi yao kwa viatu vyetu vyeupe. Mwaka wangu wa kwanza nililia. Profesa hakututia maneno ya hasira. Alisema tu, "Inueni magoti." Tukainua magoti tukaruka mavi kwa mdundo wa ngoma yako, juu, juu kabisa, na watu waliokuwa wameshaanza kuondoka wakarudi wakasimama. Wakadhani ni mtindo wetu. Mpaka ukawa mtindo wetu kweli, na ndio uliotupa kikombe kule Raleigh mbele ya shule zote za weusi za jimbo zima. Mzee huyo akatunyoosha migongo sisi sote, kisha walipoifunga Dancy wakamfanya msaidizi wa bendi ya shule ya wazungu, kazi yake kupanga viti.

Ana miaka themanini na tisa. Anataka kuisikia Dancy mara moja tena, ikitangulia mbele. Ni hilo tu analolitaka duniani, na linakusubiri wewe.

Ardelia


Mabry Springs
Jumapili, 11 Mei 1997

Clevester,

Nakuamkua kwa sababu Mama alitulea vizuri. Sisi hatujambo.

Barua yangu haikujibiwa. Wiki iliyopita nikapiga simu mchana kweupe. Renita akapokea. Nikamwambia, "Mpe baba yako, mwanangu." Kisha akasema, "Shangazi, amelala." Nikamuuliza, "Nyuma yako hiyo si sauti yake anaimba?" Akasema, "Shangazi, nakuomba, mwandikie tu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Kuna nini hapo nyumbani kwako?

Tena kuna hili. Odell alikwenda Detroit kwa arusi ya mpwa wake, Jumapili akapita kanisani kwenu kusudi akusalimie. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyamwaga mbele ya bendi nzima:

"Nilimwona nje, kavaa kofia ya kahawia. Nikamwita kwa jina letu la shule, 'Pipa! We Pipa!' Nikaita tena, watu wote wakageuka ila yeye. Hata shingo! Akaingia kwenye gari lake zuri akaondoka. Nimemaliza. Detroit imempandisha kichwa, ametusahau."

Wakaguna wote. Nilikutetea, Vester. Nilisema una mawazo tangu Maudine afariki. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa nikaiangalia ile ngoma na utetezi ukaniishia. Kama tumekukosea, sema. Kama unatuonea haya sisi wa nyumbani, sema pia, nitalia nitanyamaza. Profesa bado anainua mkono kila Lonnie akianza. Lonnie mwenyewe ameshakata tamaa, anasema ataupaka rangi ule uzio wa shule badala yake.

Sitaandika tena mpaka nipate jibu lako.

Ardelia


Detroit
25 Mei 1997

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara kadhaa nikaichana. Renita amenipa vidonge vyangu, amesema nisipoandika mimi ataandika yeye.

Mwambie Odell sikumsikia.

Simsikii mtu yeyote, Dada. Mimi ni kiziwi. Ni mashine za kukata mabati ya milango, zile nilizosimama mbele yake maisha yangu yote. Wakati huo hatukupewa cha kuziba masikio, na hata tulipopewa niliona ni mambo ya watoto. Ilianza na ndege. Siku moja Maudine akasema, "Wanapiga kelele asubuhi hii," nikamuuliza kina nani. Baadaye yakaondoka maneno ya watu, sauti za wanawake kwanza, kisha za wanaume. Sasa nasikia kishindo tu, kama mtu anayehamisha kabati chumba cha pili. Walinipa kile kifaa cha sikioni. Kililia kama filimbi katikati ya maombi, kanisa zima likafumbua macho. Nikakitia kwenye droo.

Maudine ndiye aliyekuwa masikio yangu. Alikuwa ananigeukia na kunirudia kila kitu kwa midomo, polepole, hata mzaha, na mimi nacheka baada ya wenzangu, watu wakadhani mimi ni mtu wa kufikiri sana. Ulipokuja kumzika, wewe na mimi tulikaa tumeshikana mikono ukaongea na mimi usiku mzima. Sikuelewa hata nusu. Nilikuwa nakutazama mdomo, lakini ulikuwa unalia, na mdomo unaolia hausomeki. Nilishukuru tu kwa mkono wako.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu kwenu mimi ni Pipa wa ngoma. Kila mtu mwingine aliyetoka Dancy ana kitu cha kuonyesha, jaji, daktari, mwalimu, na mimi nilikuwa na hiyo ngoma tu. Nilitaka ibaki mahali pamoja duniani ambapo nimekamilika. Mpiga ngoma asiyesikia bendi yake ni kituko, Dada. Nikija, nitaiharibu siku ile mbele ya Profesa. Ningependa anikumbuke alivyoniacha.

Basi usimwambie Profesa. Mwambie namshukuru, mwambie magoti.

Wako,
Vester


Mabry Springs
Jumapili, 8 Juni 1997

Vester wangu,

Sina salamu leo. Nimelia zote.

Nilipomaliza barua yako nilikwenda kwa Odell kwa miguu nikamsomea nikiwa nimesimama barazani kwake. Alivua kofia. Alisema, "Mungu wangu, Pipa." Halafu akaingia ndani akafunga mlango wa wavu, na mkewe amenisimulia kwamba hakula siku hiyo. Bendi nzima inajua sasa. Usikasirike. Ulikuwa umeshaitwa mwenye kiburi, heri uitwe kiziwi.

Nami kuna jambo nilikuficha, kwa hiyo tumelingana. Nilikuandikia Profesa hasemi mengi. Ukweli ni kwamba hasemi kabisa. Alipatwa na kiharusi Oktoba. Upande wa kulia umekufa, na maneno yote yamekwenda, hata ndiyo na hapana. Niliogopa ukijua utasema, "Basi, hata nikija hatanijua." Anakujua. Akili yake ni nzima, iko humo ndani inatazama nje kama mtu aliyefungiwa mlango.

Uliniomba nisimwambie. Nimemwambia. Mimi ni dada yako mkubwa, sikuzaliwa kukutii. Nilikwenda nyumba ya wazee Alhamisi na kipande cha pai ya viazi vitamu, nikakaa mbele yake nikamwambia, "Profesa, Clevester hasikii tena. Ndiyo maana hataki kuja." Nikaanza kulia kama mjinga, pai mkononi.

Akanitazama kitambo. Kisha akanifanyia ishara kwa mkono ule mzima, nigeuke. Nikageuka. Akanigusa mgongoni, katikati ya mabega, akaanza kunipigapiga kwa kiganja. Nilidhani ananifariji, jinsi unavyompiga mgongo mtoto aliyepaliwa. Nikamwambia, "Asante, Profesa, nimeshatulia." Hakuacha. Akapiga mara mbili polepole, akangoja, akapiga tatu za harakaharaka, akangoja, akarudia. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani! Nilipogeuka alikuwa amekasirika, kama zamani mtu alipokosea noti rahisi. Akainua mkono kunisimamisha. Kisha akaanza tena.

Sijui nilimkosea nini. Maskini, huenda akili nayo inaanza kuyumba. Pai aliila yote.

Sikushurutishi tena. Ukibaki huko nitakupenda huko. Nashukuru tu kwamba sasa najua kwa nini simu haipokewi.

Dada yako,
Delia


Detroit
17 Juni 1997

Dada,

Shikamoo. Hakuwa anakufariji.

Ninyi wa klarineti mlifundishwa juu, darasani, kwenye viti. Sisi wa ngoma alitufundishia chini, chumba cha tanuri la kupasha shule joto, kwa sababu ya kelele. Hukuwahi kushuka huko. Alikuwa anatuvua viatu, tunasimama na soksi juu ya mbao ili mdundo utuingie kwa nyayo, uso ukutani, na yeye nyuma yetu anatupiga mgongoni kwa kiganja. Hatukuruhusiwa kugeuka. Alikuwa akisema, "Tarumbeta wana haraka ya kufika. Ukiwasikiliza utakimbia nao. Usiwasikilize, Boykin. Fuata mkono wangu." Mwaka mzima alinipiga mgongo kabla hajanipa rungu la ngoma.

Mbili polepole, kisha tatu za haraka, ni mwito wetu wa kuanza. Ni mimi aliyekuwa anaongea nami, Dada, kupitia mgongo wako, na wewe unamwambia asante nimeshatulia!

Nilipoisoma sehemu ile nilisimama katikati ya jikoni. Nilivua viatu. Renita aliponikuta nalia na soksi akadhani nimepata habari ya msiba. Nikamgeuza nikampiga mgongoni, akasema kitu, nadhani alisema baba umekuwa mwehu.

Nakuja. Renita atanileta kwa gari mapema ili tufanye mazoezi. Profesa hasemi, mimi sisikii, tutaelewana vizuri sana.

Ondoa simu juu ya ngoma yangu.

Vester


Detroit
24 Agosti 1997

Dada Delia,

Shikamoo yangu na ya Renita. Tulifika salama. Gari bado linanuka kuku wa kukaanga uliotufungia, na hatutaki kulisafisha. Sukuma zako nazo zilifika, Renita amekiri kwamba kuchemsha kuna maana yake.

Nimekaa wiki hizi natafuta neno la kukushukuru na sijalipata. Mwambie Odell kwamba aliponikumbatia kwenye kituo cha mafuta kabla Renita hajazima hata gari, na kunipigia kelele sikioni kana kwamba itasaidia, nilimsamehe mpaka yale ya darasa la sita. Mwambie Lonnie alisukuma kile kiti cha Profesa kama anayebeba mayai. Bila yeye kwenda hatua moja na mimi, nyuma yangu, mkono wa Profesa usingenifikia kiunoni, na bila mkono ule nisingetoka kwenye ngazi za kanisa.

Wewe uliona. Nilisimama pale na ngoma tumboni, watu wamejaa pande zote mbili za barabara, midomo yote inaenda, na kwangu kimya. Nikaogopa, Dada. Niliogopa kuliko siku niliyompeleka Maudine hospitali. Kisha kile kiganja kikatua. Mbili polepole, tatu za haraka. Nikajibu, na ngozi ya ngoma ikaniingia tumboni, na lami ikapanda kwenye nyayo zangu, na nikawa na miaka kumi na saba. Nilivaa viatu vyepesi kusudi, Renita hajui, ni kandambili za kuogea nilizozipaka rangi nyeupe.

Sasa nakuuliza jambo, na nataka ukweli. Tulipokwisha kulipita duka la dawa, mkono ukaondoka. Aliuondoa ghafla, sikuambiwa kwa nini. Nilitaka kugeuka, lakini tulikatazwa kugeuka. Niliendelea kupiga peke yangu hadi lango la shule, kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba aliyokulia. Pale langoni wote walinipongeza, lakini watu humpongeza hata mtoto aliyesahau mashairi yake Pasaka. Profesa alikuwa analia nilipomwinamia, na machozi ya mtu aliyepooza hayasomeki.

Alichoka? Au nilikosea, akaniacha? Na ilisikikaje, Dada? Nilikuwa katikati ya bendi ile na ni mimi peke yangu mji mzima ambaye hakuisikia.

Wako kwa shukrani,
Vester


Mabry Springs
Jumapili, 7 Septemba 1997

Mdogo wangu, Pipa wangu,

Nakuamkua kwa furaha. Sisi tu wazima. Bi Eula amempeleka mchungaji mtungi wa peasi za mwaka jana, sijui ni amani au ni mtego. Profesa hajambo, nilimpelekea pai Alhamisi akaila, na watoto wa shule wameanza kuja kwa mabasi kuitazama Dancy. Wanakwenda moja kwa moja kwenye ngoma yako. Tumeiweka ukumbini, mbele ya picha ya bendi, na wameruhusiwa kuigusa. Simu nimeiweka juu ya kabati la vyombo, iko huko inavuna vumbi. Sisi ni watu wa barua.

Unataka ukweli, nami nilikuwa safu ya pili nyuma yenu, niliona na kusikia vyote.

Mpaka kwenye duka la dawa tulikuwa vizuri. Hapo Odell na wenzake wakaona ule umati, wakamwona mtu wa televisheni na kamera yake, wakapata wazimu. Wakaanza kukimbia na wimbo, kama walivyokimbia kila mwaka tangu tukiwa watoto. Tromboni wakawafuata. Rosie kando yangu akapotea kabisa, akawa anapiga kitu chake mwenyewe. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha, na mbele ya mzee wa watu.

Wewe hukuwafuata. Hukuwasikia, ndugu yangu, hukujua hata kwamba wamekimbia. Uliendelea palepale, sawasawa, goti juu, goti chini, na kila mtu barabarani akasikia kuna bendi mbili, moja ina haraka na moja ina ngoma. Odell akageuka. Nilimwona uso, aliona haya. Akapunguza. Tromboni wakapunguza. Wakarudi mmoja mmoja wakakukuta ulipo, hata Rosie, mpaka tukawa juu ya mdundo wako sote. Na pale tulipokuwa sote, sauti ilipanda kati ya yale maduka ikarudi kutoka kwenye vioo vyao. Bibi mmoja mzungu aliyekuwa mlangoni pa benki aliweka mkono kifuani akasahau kuutoa. Mimi niliacha kupuliza kidogo. Mdundo ulinijia miguuni kwanza, kisha mbavuni. Ilisikika hivyo, Vester. Ilisikika kama unavyosema wewe uliihisi.

Hapo ndipo alipoondoa mkono, wala si kabla. Alingoja mpaka wote wamerudi kwako.

Lonnie naye alidhani amechoka. Akamwinamia, "Profesa, tukae kando?" Mzee akamkatalia kwa kichwa, kwa ukali. Nilikuwa namtazama. Hakuwa amechoka na hukuwa umekosea. Aliuweka ule mkono magotini, akaegemea kiti, akafumba macho, na hakuyafumbua hadi langoni. Maisha yake yote alikuwa akitembea kando ya bendi ile akiishika isianguke. Siku hiyo alikuachia wewe, ili apate kuisikiliza.

Dada yako akupendaye,
Ardelia